Konzi Moja ya Saruji: Sehemu ya Nne

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanajua ujinga wangu ulipoanzia. Kwa yule ambaye gazeti hili limemfikia likiwa limefungiwa sabuni, nitarudia kwa ufupi, kisha tuendelee kuzama pamoja.

Mimi ni fundi wa maabara. Maabara yenyewe ni kontena lenye meza mbili na mashine ya kuvunjia sampuli. Kazi yetu ni kugeuza tope kuwa ardhi. Nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichokufa zamani kuna bwawa lililopokea uchafu wa kiwanda kwa miaka arobaini: mafuta, nywele za ng'ombe, dawa za kutengenezea ngozi. Tope lile huwezi kulizoa ukalipeleka mahali, maana hakuna anayelitaka. Kwa hiyo linachanganywa papo hapo na saruji, chokaa na unga wa mabaki ya tanuri la chuma, mpaka ligande na sumu ibaki imefungiwa ndani. Juu yake kinamwagwa kifusi, na juu ya kifusi watu wanajenga.

Bwawa tuliligawanya viwanja ishirini. Kwa kila kiwanja najaza tope lililochanganywa kwenye mikebe kumi na miwili, nasubiri siku ishirini na nane, natoa vipande, navivunja kwenye mashine na kuandika vimehimili uzito gani. Ndiyo maana vibarua wananiita Mikebe.

Sasa, pale kazini kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Kipande kikivunjika kabla ya kufika kwenye mashine, kosa ni la fundi, si la tope.

Kiwanja namba saba kiko pale palipokuwa mdomo wa bomba la kiwanda. Tope lake lina mafuta kuliko mengine yote, na saruji haipatani na mafuta. Mara tatu vipande vyangu vilitoka kwenye mkebe vikiwa uji. Mara tatu mhandisi aliniambia mikono yangu haijui kushindilia. Mara ya nne niliongeza konzi moja ya saruji katika kila mkebe. Vipande vikasimama, vikapimwa, vikapita.

Wiki iliyopita niliwaeleza siku ya kuchota namba. Familia za kota za kiwanda, ambazo zinabomolewa mwisho wa mwezi, ziliitwa kila moja ichote kiwanja chake kwenye ndoo. Dada yangu alikataa kuchota mwenyewe. Akanisukuma mbele, akatangaza kwamba mimi ndiye mwenye mkono wa bahati. Nikatia mkono, nikatoa karatasi, nikaifungua.

Saba.

Asubuhi iliyofuata nilifika kwake kabla hata hajafungua dirisha. Dada ndiye mama yangu, lazima mlijue hilo. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, yeye akiwa na kumi na tano, akaacha shule akashika cherehani. Kila kitabu nilichosoma kilitoka kwenye ile cherehani.

"Dada, ile namba saba tuirudishe."

"Tuirudishe wapi? Kwenye ndoo?"

"Tuombe nyingine."

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Ya kona ile, mdogo wangu. Mteja akishuka tu barabarani anaiona cherehani yangu. Unataka nipewe ya nyuma, kule ukutani, nishone na mijusi?"

"Ardhi yake si nzuri."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na aliyeandika kwamba ni nzuri ni nani?"

Ofisi ilibandika matokeo ya vipimo ubaoni ili watu wasiogope, na chini ya kila tokeo pana jina langu. Dada aliupiga picha ule ubao. Anawaonyesha wateja wakati akiwapima mabega.

Nilipokuwa mdogo, nikivunja kitu, alikuwa ananiketisha na kuniambia, "Sema ukweli, sitakupiga." Nami nilikuwa nasema, na hakuwahi kunipiga hata siku moja. Asubuhi ile ukweli ulikuwa ulimini kabisa. Lakini yeye akafungua kabati, akatoa mapazia ya rangi ya machungwa, ameshayakata na kuyapinda, ya madirisha ya nyumba ambayo haijawekewa hata jiwe.

"Unayaonaje?"

"Mazuri," nikasema. "Yanapendeza sana."

Nikatoka hapo nikijichukia. Nikaenda moja kwa moja kwa mhandisi.

Mhandisi wetu tunamwita Inakubalika. Umwoneshe kipimo kizuri, atasema inakubalika. Umwoneshe kibovu, atakunja uso kidogo, kisha atasema inakubalika. Si mtu mbaya. Hajawahi kumfokea kibarua, na kila mgonjwa wa kazini anamtembelea. Ila ana tarehe ya kukabidhi viwanja, na ile tarehe anaiogopa kuliko Mungu.

Nilifunga mlango wa ofisi yake, nikamweleza yote. Vipande vilivyotoka uji. Saruji. Dada yangu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Konzi ngapi?" akauliza.

"Moja kila mkebe."

"Konzi kubwa?"

"Mkono wangu ndio huu, bosi."

Akautazama mkono wangu muda mrefu. Nilitegemea anifukuze kazi. Kusema kweli nilitaka anifukuze, ilimradi kiwanja kichimbuliwe kichanganywe upya.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Basi tusibishane kwa maneno. Tutoboe."

Nilitaka kumbusu. Mtambo wa kutoboa hutoa tope lenyewe kutoka chini ya kiwanja, si la kwenye mikebe. Konzi yangu haifiki huko chini. Nikajua ukweli utatoka wenyewe, bila mdomo wangu kuhitajika tena.

Mtambo uliletwa siku ya pili. Anayeuendesha ni mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, ametoboa ardhi tangu mimi sijazaliwa.

"Mikebe, leo umekuja kunisimamia?"

"Nimekuja kutazama tu, mzee."

"Tazama. Kutazama hakulipiwi."

Akashusha bomba chini kiasi cha mita nne, akalipandisha, akaligonga kwa nyundo ya mbao. Ukatoka uji wa kijivu, pwaa, mpaka kwenye kiatu chake. Na harufu ile ya ngozi mbichi ikatuingia puani. Moyo wangu ulifurahi. Ni mara ya kwanza maishani kufurahia uvundo.

Mzee akachukua mpira wa maji, akausafisha ule uji ukaenda mtaroni. Kisha akatoa fomu, akaandika: *Sampuli haikupatikana.*

"Mzee, umeandika nini?"

"Haikupatikana."

"Imepatikana. Iko kwenye kiatu chako."

"Kijana wangu, fomu ina mahali pa kuandika urefu wa kipande. Kama hakuna kipande, naandika hakipo. Haina mahali pa uji."

"Lakini huo uji ndio jibu lenyewe."

"Jibu la swali gani? Kipande kikivunjika kabla ya kupimwa, kosa ni la mtoboaji. Mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu. Sitaki kosa."

Ile ile sheria yetu. Na mimi niliitii mara nne.

Akatoboa mashimo tisa. Sita yalitoa uji, na sita yakaandikwa haikupatikana. Matatu yalitoa vipande vigumu, virefu, vizuri kabisa. Yale matatu yalikuwa pembeni, mpakani na namba nane, ambako mtambo wa kuchanganyia ulipita mara mbili na saruji ikaingia mara mbili. Nilimweleza mzee hivyo. Akaniambia nishike upande wa pili wa sanduku la vipande.

Tukavivunja maabara. Vilihimili uzito mkubwa kuliko hata vile nilivyoviongezea saruji.

Inakubalika akasoma namba kwenye mashine, akanipiga begani kwa upole.

"Umejitesa bure. Kumbe hata bila konzi yako kiwanja ni kizuri."

"Bosi, sita hazikupatikana."

"Mtambo wenyewe mkongwe. Tupime kilichopo, tusipime kisichokuwepo."

"Kilichokuwepo kimeoshwa kwa mpira wa maji."

"Mashine haidanganyi," akasema, na alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa. Ndicho kinachoniumiza mpaka leo. Alikuwa anaamini.

Akanisogezea ripoti. Palikuwa na mahali pa fundi wa maabara kusaini.

Sikuinyanyua kalamu.

"Ukikataa sitakulazimisha," akasema taratibu. "Lakini nitatakiwa kuandika sababu, na sababu ninayo moja tu, ile uliyoniambia mwenyewe. Vipimo vya viwanja vyote ishirini vina jina lako. Vyote vitasimamishwa. Kota zinabomolewa mwisho wa mwezi, tutoboe tusitoboe. Familia ishirini zitalala wapi? Na dada yako ni mmojawapo, umesema."

Msomaji, nitukane ukipenda, una haki. Nilisaini. Nilienda pale kukiri kosa, nikatoka na kosa la pili lenye muhuri. Wahenga walishasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikuwa na wa kumwomba hiyo pole.

Nikabaki na mtu mmoja, shemeji yangu, mume wa dada. Ni mwashi. Mwashi hadanganyiki kwa karatasi, yeye anaamini kilicho chini ya mguu wake. Jumapili mchana, kazini hakuna watu, nikampeleka namba saba. Nilibeba sururu, koleo, na ile fimbo ndefu ya chuma tunayopimia ulaini wa tope.

Shemeji akaruka ruka juu ya kifusi kwa miguu yote miwili.

"Shemeji, mbona hapa pagumu? Hapa hata unene wa dada yako pamoja na cherehani panabeba."

"Nitamwambia umesema hivyo."

"Mwambie. Nani alimnenepesha?"

Nikachimba kile kifusi, nusu mita hivi, mpaka nikafika chini. Nikasimamisha fimbo shimoni, nikaishika kwa vidole viwili.

"Tazama," nikamwambia. Nikaiachia.

Fimbo ikashuka yenyewe. Haikusukumwa na mtu. Ilishuka polepole mpaka mpini ukagusa kifusi, na ni fimbo inayonizidi urefu.

Shemeji akaacha kucheka. Akapiga magoti, akachota lile tope kwa kidole, akanusa. Baba mkwe wake, yaani baba yangu, alifanya kazi kiwandani pale miaka kumi na tisa, na kucha za mikono zilimtoka zote kabla hajafa. Shemeji ndiye aliyekuwa akimnawisha. Ile harufu hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Nikijenga hapa nini kinatokea?"

"Msimu wa kwanza wa mvua kuta zinapasuka. Wa pili nyumba inalala upande. Halafu maji ya tope hili yanapanda, yanaingia sakafuni."

Akafukia shimo kwa mguu, akashindilia vizuri, kwa ustadi wa mwashi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mhandisi na mzee wa mtambo, na hawataki kujua. Mimi. Na sasa wewe."

"Usimwambie mtu."

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Ndiyo maana nakwambia usimwambie mtu. Niachie mimi."

Niachie mimi. Hamjui nilivyoyasubiri maneno hayo. Tangu siku ya kuchota namba nilikuwa nimeubeba mzigo ule peke yangu, na sasa mwanamume mwenye akili timamu ameupokea. Nikadhani ataenda ofisini kupiga kelele. Nikadhani ataita wenzake wa kota, waje na masururu, wachimbue mchana kweupe kila mtu aone. Siku mbili nililala usingizi mzuri.

Jumatano dada akanipigia simu. Njoo ule mchana, akasema, kuna habari nzuri.

Nilimkuta shemeji ameketi mezani anajikata kucha. Hakuninyanyulia uso. Yale mapazia yalikuwa juu ya kiti, yamekunjwa na kufungwa kwa uzi.

"Tumebadilisha," dada akasema huku akipakua. "Ofisi inaruhusu kubadilishana mpaka Ijumaa, mradi wote wawili waridhie na awepo shahidi. Sisi tunakwenda kumi na nne. Huko ndani kumetulia."

"Si ulisema ni kwa mijusi?"

"Mijusi nayo inavaa."

Kumi na nne ni kiwanja kizuri. Nilikipima mwenyewe bila konzi. Nikamtazama shemeji kwa shukrani, na bado hakuninyanyulia uso. Hapo ndipo nikafikiria kuuliza.

"Na saba mmempa nani?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa na kufunguka papo hapo, kama anavyogonga jirani.

Alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha na dada wametenganishwa na ukuta mmoja tangu mama huyo aolewe. Ni mfagizi hospitalini. Mumewe aliondoka mara aliposikia ni wawili. Dada ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua. Wale pacha wana miezi tisa, wanatambaa, na kila kitu wanachokuta sakafuni wanakitia kinywani.

"Fundi wetu," akasema, akiwa amebeba mmoja mgongoni na mwingine kiunoni. "Nimekuja unitoe wasiwasi. Dada yako kanipa kiwanja cha kona, mimi siamini. Mtu anaachiaje kona? Nitauza sabuni pale, nitaacha kufagia. Nikasema lazima kuna kitu."

Akacheka. Dada naye akacheka. Kisha dada akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, pale ambapo hapakuwa na kunjo lolote.

Namjua dada yangu. Hukinyoosha hivyo anaposema uongo.

Nikaenda jikoni nikijifanya natafuta maji. Akanifuata.

"Dada, unajua?"

"Najua nini?"

"Namba saba. Shemeji amekwambia."

"Mimi nimeona karatasi ya ofisi," akasema, akinitazama usoni. "Ina muhuri na sahihi yako. Ya Alhamisi iliyopita. Inasema kiwanja ni kizuri. Hicho ndicho ninachokijua."

Nikasubiri. Nawaapia, mtu mzima mimi, nilisimama jikoni nikisubiri aniambie yale maneno ya zamani, sema ukweli, sitakupiga. Angeyasema ningetoka pale nikasema yote mbele ya yule mama.

"Nimekulea kwa cherehani," akasema. "Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli. Hajawahi.

Tukarudi mezani. Mama Pacha alikuwa ameshaitandaza fomu ya kubadilishana.

"Mimi hivyo vipimo sivijui," akaniambia. "Nakuuliza kibinadamu tu. Wewe ungempeleka mtu wako pale?"

Dada akajibu kabla sijafungua mdomo. "Si alinipeleka mimi? Mkono wake ndio ulionichotea. Watu wote waliona."

Na hilo nalo ni kweli. Mama Pacha akapumua, wasiwasi ukamtoka usoni, nikauona ukimtoka.

"Basi nimetosheka. Nishikie huyu niandike vizuri."

Akanipa mtoto aliyekuwa kiunoni. Mzito kuliko nilivyodhani. Akakamata kola ya shati langu, akaanza kuitafuna. Mama yake akainama, akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje kidogo. Shemeji akasaini. Dada akasaini. Kisha fomu ikazungushwa ikaelekea kwangu, penye mstari wa shahidi, na kalamu ikawekwa juu yake.

Shemeji alikuwa amemaliza kucha zote na bado anakata.

"Saini, mdogo wangu," dada akasema. Akanyoosha mikono yote miwili. "Mtoto nipe mimi."

Sikumpa.